Dakika Tisa za Stesheni

Saa kubwa ya stesheni ilikuwa inadanganya, na mji mzima ulijua inadanganya kiasi gani. Dakika tisa. Si nane, si kumi. Mkuu mmoja wa stesheni wa zamani, ambaye alishastaafu na kuzikwa, alichoka kuona watu wanakimbilia treni huku wameshika viatu mkononi. Siku moja akapanda mnarani akaisogeza saa mbele dakika tisa. Watu wakawahi wiki mbili. Wiki ya tatu wakashtuka, na tangu hapo kila mtu akawa anatoa tisa kichwani bila kujua kwamba anatoa, kama unavyopepesa macho. Treni ya saa mbili asubuhi iliondoka saa ya mnara ikionyesha mbili na dakika tisa, kwa sababu gadi na dereva walifuata saa zao za mfukoni, zilizolinganishwa kwa simu na makao makuu. Watoto wa mji ule walijua kutoa tisa kabla hawajajua kutoa mbili.

Fundi wa saa alizaliwa humo, akakulia humo. Watu walimwita Bwana Sekunde, kwa sababu ukimpelekea saa iliyochelewa dakika tano atakuuliza, "Tano na ngapi?" Kibanda chake kilitazamana na stesheni, ukuta kwa ukuta na mchomea vyuma aliyeitwa Cheche. Ndani mlikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, skrubu zilizopangwa kwenye vizibo vya soda, na kiti cha mbao karibu na mlango. Kiti hicho kilikuwa cha dada yake.

Dada alimzidi miaka kumi na miwili. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka sita, na aliyebaki kumwogesha, kumlisha na kumtandika alikuwa huyo huyo. Siku alipofungua saa ya ukutani ya shule akashindwa kuifunga, mwalimu mkuu alitaka kumfukuza. Dada alikwenda ofisini na kanga yake ya kazini, akasema, "Mpeni siku mbili. Kama kaifungua mwenyewe, ataifunga mwenyewe." Akaifunga siku ya tatu. Fundi alikuwa akisema kazi yake yote maishani ilitoka kwenye siku ile moja ya nyongeza.

Sasa dada alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa nne huu aliona mwanga na giza tu, na watu kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu. Kila asubuhi fundi alimshika mkono, akamleta kibandani, akamweka kwenye kiti chake. Huko nyumbani angekaa na nani?

Kazi kubwa ilianza pale makao makuu ya reli yalipochoshwa na treni zinazosubiriana. Njia ile ilikuwa na reli moja na stesheni tano, na treni zikitaka kupishana lazima moja ikae pembeni. Kila stesheni ilikuwa na wakati wake, kama jamaa waliogombana. Mkuu wa stesheni wa sasa, mtu mnene mpole aliyependa vitu vilivyonyooka, alivuka barabara kuja kwa fundi.

"Nataka saa ambazo hazihitaji kuulizana," alisema. "Unaweza?"

"Naweza, mzee. Ila wakati hatutautoa hapa."

"Tutautoa wapi?"

Fundi akawasha redio ya mawimbi mafupi iliyokuwa rafu ya juu, akazungusha kitufe taratibu. Kwanza mchakacho, kama mchele unaopepetwa. Halafu, kwa mbali: ti, ti, ti, ti. Mkuu akainama. Ti, ti, ti, halafu moja ndefu: tiii.

"Hiyo ndefu ni dakika imetimia," fundi alisema. "Kuna mnara, nchi sijui ya wapi, unarusha sekunde hewani mchana kutwa usiku kucha. Mwenye redio anazipata bure."

"Wanamrushia nani?" dada aliuliza kutoka mlangoni.

"Yeyote mwenye masikio, dada."

"Mtu anakugawia wakati wala hakujui." Alitikisa kichwa. "Ukimaliza hiyo kazi, mshukuru."

"Nitamshukuru vipi? Redio hii inasema tu, haisikii."

"Mshukuru hivyo hivyo. Mimi nilikushukuru lini ukasikia?"

Mkuu akacheka mpaka akakaa.

Fundi alifanya kazi miezi mitano. Kila stesheni ilipaswa kupata saa mama moja na watoto wake. Saa mama ilikuwa sanduku la bati lenye redio ndani. Humo mlikuwa na kipande cha kioo kinachotetemeka kwa umeme, na kutetemeka huko ndiko kulikohesabu wakati. Ila kioo nacho kina uchovu wake, kikipata joto kinapotoka kidogo. Basi zile ti za hewani ndizo zilizokirudisha kwenye mstari. Kila dakika saa mama ilisukuma umeme mara moja kwenye waya, na mishale ya saa watoto, iwe ya mnarani, ya dirisha la tiketi au ya chumba cha abiria, ikapiga hatua moja kwa pamoja. Tak.

Saa mama ya kwanza ilipokamilika, ikamtoa jasho. Usiku ilikwenda kama dua. Mchana ilikimbia: sekunde kumi, ishirini, siku moja arobaini. Fundi alibadilisha kioo, akabadilisha waya wa juu ya paa, akalehemu upya kila kiungo. Wapi.

Dada ndiye aliyegundua. Macho yalipoondoka masikio yake yalipanda cheo.

"Mdogo wangu, hiyo saa yako inamwogopa Cheche."

"Vipi?"

"Kila akichomea, inakwenda mbio. Sikiliza."

Akasikiliza. Kule upande wa pili Cheche alikuwa anachomea dirisha, krrr, krr, krrrr, na redio nayo inajibu krrr, krr, krrrr. Saa mama, maskini, ilichukua kila cheche ya jirani ikaihesabu kuwa sekunde.

Dawa yake ilimchukua wiki mbili. Aliitengenezea redio mlango wa umeme, unaofunguka muda wa kupepesa jicho tu, pale sekunde inapotarajiwa kufika, halafu unafungwa. Mgeni anayebisha hodi kwa wakati wake anaingia. Wengine wabaki nje wapige kelele. Pamoja na hayo akaenda kwa jirani kufunga mkataba.

"Cheche, nipe dakika tano za kimya kila saa ikitimia."

"Kwa hiyo madirisha ya watu nichomee kwa ratiba ya redio?"

"Ndiyo."

"Haya. Lakini bawaba ya mlango wako ikikatika ndani ya dakika hizo, utalala mlango wazi."

Mkataba huo ulidumu. Cheche alikuwa na mdomo, lakini neno lake lilikuwa chuma.

Stesheni nne za mbele zilifungiwa saa zao kwanza. Ya mjini ikawa ya mwisho, Jumapili alasiri. Fundi alipanda mnarani, akang'oa mtambo wa zamani uliojaa viota vya njiwa, akafunga mashine mpya, akarudisha mishale nyuma dakika tisa. Mkuu alisimama chumba cha abiria amefumba macho. Tak. Akayafumbua: chumba cha abiria na dirisha la tiketi zimesema kitu kimoja.

"Hizi mbili zilikuwa hazisalimiani miaka kumi na moja," alisema, akamshika fundi mkono kwa mikono yake yote miwili. Halafu akabandika karatasi mlangoni: SAA HII SASA NI SAHIHI.

Jumatatu hiyo ndiyo dada aliyokuwa akiisubiri. Madaktari wa macho wageni walikuwa wamekuja hospitali ya mwisho wa reli, mwendo wa saa nne, na jina lake liliandikwa siku yao ya mwisho, saa nane mchana. Jumanne wanaondoka. Watarudi lini? Muuguzi aliyeandika jina alisema huenda mwaka kesho, huenda mwaka wa mbele yake, na dada alikuwa na miaka sabini na mmoja. Treni ilikuwa moja kwa siku.

Kwa hiyo walitoka mapema. Saa moja na nusu walikuwa wameshakaa kwenye kibanda cha chai mbele ya stesheni, tiketi mfukoni mwa fundi, mfuko wa nguo mapajani mwa dada. Watu wengine kama thelathini nao walikuwa wanakunywa chai na mizigo yao miguuni.

"Twende tukakae ndani," dada alisema.

"Mapema yote hii? Benchi za ndani ni za chuma, baridi. Maliza chai."

Akanywa. Baada ya muda akauliza, "Sasa saa ngapi?"

Fundi akainua macho mnarani. Mshale mrefu ulikuwa umebakiza dakika tano kufika juu. Akaushusha mdomo kwenye kikombe, akasema kwa utulivu wa mtu anayejua mambo yake, "Bado dakika kumi na nne."

Tano na tisa, kumi na nne. Hakuhesabu. Ulimi ulihesabu wenyewe, kama ulivyokuwa ukihesabu miaka hamsini. Na pale kibandani hakuna aliyempinga, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshatazama mnarani na kupata jibu hilo hilo.

Honi ikalia. Mtu mmoja akasema, "Leo dereva anajaribu honi." Wengine wakacheka. Halafu, juu ya ukuta wa stesheni, paa za mabehewa zikaanza kusogea. Moja, mbili, tatu. Watu thelathini wakasimama na vikombe mkononi wakitazama, hakuna anayekimbia, kama watu wanaoangalia nyumba ya mwenzao inavyoezuliwa na upepo.

"Hiyo si treni yetu?" dada aliuliza.

"Ndiyo yetu, dada."

"Si umesema dakika kumi na nne?"

"Nimesema."

"Na hiyo saa si umeitengeneza wewe?"

"Mimi."

Dada akakunja mdomo wa mfuko wake, akaukunjua, akaukunja tena. "Basi saa yako ni nzima," alisema. "Mbovu ni wewe."

Mganga hajigangi. Fundi akakiweka kikombe chini. Miezi mitano alifundisha bati na waya kusema kweli, akasahau kwamba kichwa chake mwenyewe hakijafundishwa.

Watu walishamvamia Mkuu mlangoni. Mkuu alikuwa na bendera yake ya kijani, na tabasamu la treni kuondoka sawasawa na saa lilikuwa linamtoka usoni vipande vipande.

"Karatasi nilibandika," alisema.

"Karatasi kama hiyo tumeshaisoma kwa wakuu watatu," mama mmoja akamjibu. "Na wote walikuwa waongo."

Fundi akapenya katikati yao, dada nyuma yake mkononi. Hakujitetea. "Mzee," alisema, "dada yangu anapasuliwa macho leo saa nane. Leo tu."

Mkuu akamtazama dada, akatazama saa ya dirisha la tiketi. Mbili na dakika tatu. "Treni inafika stesheni ya pili mbili na nusu," alisema. "Pale inakaa pembeni kupisha treni ya mizigo. Inaondoka tatu kasoro robo. Juzi ningekwambia labda, au huenda. Leo sikwambii labda. Tatu kasoro robo inaondoka, na nikiwapigia simu wasubiri, ya mizigo ya mchana itakosa njia. Una gari?"

Fundi hakuwa na gari. Lakini alijua nani analo.

Cheche alikuwa amepiga magoti, kofia ya kuchomea usoni, anamalizia geti la mtu juu ya pikapu yake. Fundi akamweleza kwa maneno kumi hivi. Cheche akainua kofia.

"Kwa hiyo umedanganywa na saa inayosema kweli."

"Nitakucheka na mimi siku nyingine. Twende?"

"Geti hili limeshashika, kulishusha ni nusu saa. Tutakwenda nalo." Akamfungulia dada mlango wa mbele. "Mama, ingia. Kiti kina vipande vya chuma, ngoja nifute."

Fundi akapanda nyuma, akalikumbatia geti. Watu sita wengine wakaparamia naye. Saa ya mkononi mwake, aliyoilinganisha na redio Jumapili, ilisema mbili na dakika nane.

Reli ilipita moja kwa moja, lakini barabara ilizunguka mlima. Pikapu iliruka mashimo, geti likalia, watu wakaliangukia. Fundi hakutoa jicho kwenye mkono wake. Mbili na ishirini. Mbili na ishirini na sita. Kwenye kona wakakuta lundo la kifusi katikati ya njia na wafanyakazi wa barabara wamekalia koleo zao wakipumzika. Cheche akasimama. Fundi akaruka chini akiwa ameshaandaa maneno ya kuomba, lakini dada alishatoa kichwa dirishani.

"Wanangu," aliita upande ambao hawakuwepo, "nawahi leo kufunguliwa macho. Nipitisheni."

Hawakuuliza swali. Wakashika koleo, wote kwa pamoja, vumbi likapanda, na ndani ya dakika nne kulikuwa na njia ya upana wa gari moja. Mmoja alitembea mbele ya pikapu kinyumenyume akiielekeza kwa mikono. Fundi alitaka kuwauliza majina yao, lakini gari lilishaondoka, na vumbi likawafunika.

Mbili na thelathini na tisa waliiona stesheni ya pili. Na kati yao na stesheni, ikikata barabara polepole, ilikuwa treni ya mizigo. Behewa baada ya behewa, matangi, mbao, matangi tena. Fundi akahesabu mabehewa thelathini na mawili. Lilipopita la mwisho ilikuwa mbili na arobaini na mbili. Cheche akavuka reli kwa kishindo kilichoung'oa mguu mmoja wa geti.

Gadi alikuwa ameshapanda ngazi ya behewa, bendera mkononi. Juu ya kichwa chake, saa ya stesheni ilipiga tak: tatu kasoro dakika kumi na saba. Ndani ya kichwa cha fundi kitu kikaanza kujumlisha tisa. Akakikamata shingo.

"Gadi, tusubiri," aliita.

"Siwezi kumsubiri mtu," gadi akajibu. "Lakini nina dakika mbili zangu hapa, nazo chukueni."

Wakazichukua. Cheche alimbeba dada mikononi kama mzigo wa mayai, akampitisha mlangoni, watu sita wakafuata, fundi na mfuko mwisho. Alipogeuka kushukuru, Cheche alikuwa ameshageuza mgongo, anaukagua mguu wa geti.

"Nenda bwana," alisema bila kutazama. "Hizi ni dakika zangu za kimya."

Tatu kasoro robo, bila sekunde ya nyongeza, treni ikaondoka.

Fundi alikuwa anatafuta maneno, na yote yalikuwa madogo. "Nisamehe, dada," alisema mwishowe.

"Umekula?"

"Bado."

"Kwenye mfuko kuna mkate. Kula, unatetemeka mpaka kiti kinatetemeka." Akasubiri asikie anatafuna. "Nimekulea mwenyewe, kosa lako nusu ni langu. Nusu nyingine nimeisamehe tangu kwenye pikapu. Ila usiniambie tena saa ngapi mpaka mwezi uishe."

Saa nane daktari alimpasua jicho la kulia. La kushoto lingesubiri ujio mwingine. Moja linatosha kuanzia. Fundi alilala kwenye benchi la korido na viatu chini ya kichwa, na kabla ya usingizi kumchukua alijikuta anashukuru. Hakujua aanze na nani, akaanza na yule wa mbali anayerusha sekunde. Angekuwa amepunja moja tu, wangekuta reli tupu.

Asubuhi muuguzi akamkalisha dada kitandani, akaondoa bandeji taratibu. Jicho lilikuwa jekundu, linatoka machozi. Dada akalipepesa. Akatazama dirisha muda mrefu, akatazama vidole vyake mwenyewe, akavigeuza. Halafu akamtazama mtu aliyekaa mbele yake.

"Nani mzee huyu?"

"Mimi, dada."

"Wewe?" Akamsogelea mpaka pua zikakaribiana. "Nilikuacha una nywele. Na hili shati ndilo umekuwa ukitembea nalo mbele za watu? Kola imeliwa na nini?"

"Liko safi, dada."

"Safi kwa nani? Kwa kipofu?"

Muuguzi akageukia ukutani kuficha kicheko. Fundi hakuficha kitu. Machozi yalimtoka akaacha yatoke, na dada akayafuta kwa kiganja, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfuta makamasi zamani.

Waliporuhusiwa kuondoka, fundi alibeba mfuko kwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine kumshika, kama kila siku. Dada akautazama mkono ule.

"Niachie. Nataka kuona ninapokanyaga."

Akatangulia kwenye korido, polepole, mkono mmoja karibu na ukuta bila kuugusa. Alimshukuru muuguzi, akamshukuru mlinzi, akamshukuru mama anayepiga deki, ambaye alishika ufagio wake akashangaa.

"Tukifika," dada alisema mbele kwa mbele, "nataka kumwona Cheche ana sura gani. Na yule gadi. Na wale wenye koleo."

"Wale wenye koleo hatuwajui, dada. Hata jina."

"Barabara si tunaijua?" alisema, akaendelea kutembea.